Kidonge cha Chupa ya Tatu

Chumba cha ukaguzi, kiwandani
4 Februari

Wifi,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naijua: umenawiri, unakaa kwenye kiti kizuri nyuma ya dirisha la dawa, watu wanakuita Bi Dozi na unaitika. Mwenye habari ni mimi. Macho yangu yamekuwa ya njano tena.

Ndiyo, tena. Miezi minne baada ya daktari kuniambia kuwa kirusi cha homa ya ini kimekwisha mwilini na niende nikaishi. Mkojo wangu sasa ni mweusi kama chai isiyo na maziwa. Ngozi inawasha. Vidole vinauma kwenye viungo, hata mkasi siushiki sawasawa, na mimi bila mkasi ni nani hapa kiwandani?

Basi nikakaa nikafikiri. Dawa ilikuwa chupa tatu, chupa moja kila mwezi, na zote nilizipokea mkononi mwako, kwa kuwa zinatolewa kwenye kliniki yenu tu. Nilikuwa napanda basi saa tatu nzima ili nikunyooshee mkono wewe, kati ya watu wote. Chupa mbili za kwanza vidonge vilikuwa rangi ya chungwa iliyofifia. Vya chupa ya tatu vilikuwa vimekolea wekundu, kidogo tu, mtu mwingine asingeona. Mimi niliona. Miaka kumi na tisa kazi yangu ni kusimama dirishani na kitambaa na kusema robota hili na lile hayakutoka kwenye pipa moja la rangi. Hawakuniita Mama Kasoro kwa kunipenda. Na ninavyojua mimi, rangi ikibadilika kuna mtu amebadilisha kitu.

Kidonge kimoja cha chupa ya tatu kilibaki, siku niliyoshinda nikitapika. Ninacho kwenye bahasha.

Siku tuliyomzika mume wangu, kaka yako, ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema mimi ndiye niliyemuua. Kwamba nilimwona akigeuka njano nikafumba macho. Sikukujibu, nilikuwa sina hata nguvu ya kuinua kichwa. Miaka mitatu natembea na neno lako mgongoni, na shangazi yenu mpaka leo akinipa mkono anaufuta kwenye nguo.

Sasa nakupa wiki mbili. Mwite Baba Mkubwa na wote waliokuwepo, usimame hapo hapo ulipokuwa umesimama, useme kwamba ulinichezea dawa na kwamba ulinisingizia. La sivyo kidonge kinakwenda Baraza la Watoa Dawa, na mimi nitakifuata nyuma.

Mjane wa kaka yako,
Mama Kasoro


Kliniki, dirisha la dawa
11 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, foleni inanisubiri, na mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Sikubadilisha dawa. Watengenezaji ndio waliobadilisha ganda la kidonge, na boksi lilikuja na karatasi inayosema hivyo. Sikukuonyesha kwa sababu ulikuwa unakuja hapa umeinamisha uso kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Maneno niliyokuwa nakuambia ni matatu tu, "Kimoja kila siku," na hata hayo ulikuwa huitikii. Kumbe siku moja uliiruka. Nashukuru kwa kunijulisha.

Sasa nisikilize kama mgonjwa, si kama wifi. Macho ya njano si mchezo. Rudi kwa daktari wa ini, yule mpole mnayemwita Taratibu. Mwambie apime upya kama kirusi kipo, halafu apime na kingamwili zako. Usimeze dawa yoyote ya maumivu, wala mizizi ya mtu, hata akikuapia.

Kuhusu mazishi, mimi sitishwi na kidonge kwenye bahasha. Yule alikuwa kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na nilichosema nilikisema kwa uchungu. Peleka barazani. Nitakwenda nimevaa nguo yangu iliyopigwa pasi na nitawajibu.

Wifi yako,
Bi Dozi


Nyumbani
2 Machi

Wifi,

Nimesikia hauko tena dirishani. Baraza limekutoa mpaka uchunguzi uishe, uko stoo, unafungua maboksi ya pamba na glovu, umevaa koti la kijivu. Aliyeniambia ni mgonjwa mwenzangu aliyekuja kwenu Jumanne. Nilimwomba anisimulie tena kuanzia kwenye koti. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, ingawa za upande wa kulia siku hizi hazitaki kushikwa.

Kwa Taratibu nimekwenda, usije ukasema mimi mkaidi. Kapima kirusi, hakipo. Kapima kingamwili, ziko juu sana. Akanichoma sindano ndefu ubavuni akachukua kipande cha ini langu kidogo kama uzi, kikapelekwa kuangaliwa. Majibu yalipokuja akanikalisha akasema ini langu linashambuliwa na mwili wangu mwenyewe. Akasema ni kama walinzi walioitwa kumfukuza mwizi, mwizi kaondoka, wao wakamgeukia mwenye nyumba.

Nikamuuliza nani aliyewaita hao walinzi. Akasema haijulikani. Pengine kirusi, pengine dawa ilipokiondoa kirusi, pengine ugonjwa ulikuwepo umelala siku nyingi na sasa umeamka. Akanitazama kwa huruma akasema, "Hakuna wa kulaumiwa, mama."

Tangu nizaliwe sijasikia neno baya kama hilo. Nilitamani nimtupie kiti.

Akaniandikia vidonge vya steroidi, vya kuwatuliza hao walinzi, na akaniambia nikipata nafuu kwa vidonge hivyo basi ndipo tutakuwa na hakika kuwa ugonjwa ni huo. Hapo nikazinduka. Nikipata nafuu, nani atanisikiliza tena habari ya chupa ya tatu? Baraza litaniona nimesimama, macho meupe, ninang'aa, nao watasema mama, unalalamika nini?

Kazini kwetu kitambaa chenye kasoro hakifuliwi, hakishonwi, hakipigwi pasi, mpaka mdai na mdaiwa wamekutana mbele yake. Ukikirekebisha mapema umejiharibia kesi. Kwa hiyo steroidi zipo kwenye droo, chini ya taulo, na hazijafunguliwa. Ini langu litakaa hivi hivi lilivyo mpaka Baraza lilione.

Taratibu hajui. Wewe nakuambia ili ujue nimekukalia kooni kiasi gani.

Mama Kasoro


Kliniki, stoo
13 Machi

Wewe mwanamke,

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya boksi, nikaisoma tena, na mwenzangu wa stoo akaniletea maji bila kuombwa.

Macho yako yanaona uzi uliokatika kwenye shuka, halafu kaburi lako mwenyewe hulioni. Ini si robota, wifi. Robota ukiliweka kwenye rafu utalikuta kama ulivyoliacha. Ini linazidi kuoza wakati wewe unasubiri kikao. Na kikao chenyewe hakitakuja kukuangalia macho, kitaangalia kidonge. Hakuna mtu kule atakayekuomba uvue blauzi aone ini.

Halafu umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba kirusi hakipo. Kama kirusi hakipo basi dawa ilifanya kazi, chupa zote tatu, na hiyo ya wekundu ikiwemo. Hilo peke yake linanisafisha. Akili unayo, kwa hiyo unalijua, na unajifanya hulijui kwa sababu hujashiba kunichukia.

Sikubembelezi kwa mapenzi. Ukifa, watu watasema Bi Dozi alimpa dawa mbovu mke wa kaka yake akafa. Hakuna baraza litakalonitoa hapo. Mimi sitaki kukubeba maisha yangu yote.

Nimempigia simu Taratibu nikamwambia humezi. Atakuita. Anza kesho asubuhi, ukishakula, kwa kipimo alichokuandikia. Na ukishaanza usikatishe ghafla hata uso ukivimba. Utavimba. Wacha uvimbe.

Wifi yako


BARAZA LA WATOA DAWA
Ofisi ya Katibu
24 Machi

Kwa Mlalamikaji,

Yah: Malalamiko dhidi ya mtoa dawa wa dirisha la kliniki

Baraza linakiri kupokea kidonge kimoja ulichokiwasilisha. Kimepimwa katika maabara na kuthibitika kuwa dawa halisi yenye kiwango sahihi. Tofauti ya rangi uliyoieleza ni ya kweli, na imetokana na mtengenezaji kubadilisha ganda la nje kuanzia toleo hilo. Baraza linakupongeza kwa umakini wako.

Kwa hiyo Baraza halikuona kosa. Ili shauri lifungwe, unaombwa kuweka saini kwenye nakala iliyoambatanishwa kuonyesha kwamba umeridhika, na kuirudisha. Usiporidhika, una miezi mitatu ya kukata rufaa. Mtoa dawa ataendelea kukaa nje ya dirisha hadi saini yako ipokewe au muda wa rufaa uishe.

Katibu


Nyumbani
29 Machi

Wifi,

Baraza bado liko kimya. Unajua hizi ofisi zilivyo. Endelea tu na maboksi.

Taratibu aliniita. Nikamwambia nameza, akanitazama macho, akaandika kitu. Miguu imevimba na tumbo limeanza kujaa maji. Juzi nilipitisha shuka lenye tundu la kuingia ngumi. Nililipitisha mimi, kwa mhuri wangu, na meza nzima ikaacha kazi kunitazama. Msimamizi kanishika bega kama mtoto, kanirudisha nyumbani nipumzike. Miaka kumi na tisa.

Lakini ulinipa wazo zuri kwenye barua yako, asante. Ulisema nikifa hakuna wa kukutoa. Nimelifikiria hilo nikiwa nimelala chali, maana ubavuni silali tena. Kaa hapo stoo na koti lako. Nitakufia, wifi, na utanibeba.

Mama Kasoro


Kliniki, stoo
5 Aprili

Wifi,

Siku tatu barua yako imekaa kwenye mfuko wa koti. Jana nilifungua boksi moja mara mbili nikihesabu kilekile.

Unataka kufa ili uniharibie jina. Sawa. Ila unakufa kwa kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya hulijui. Nakuandikia hilo sasa.

Miaka miwili kabla hajafa, kaka alikuja dirishani kwangu na karatasi ya majibu. Homa ya ini, aina ya C. Alipitisha mkono kwenye tundu la dirisha akanishika kiganja, akaniapisha nisikuambie. Aliogopa utafikiri kaitoa kwa mwanamke. Alikuwa amechanganyikiwa, na mimi nilimhurumia kwa sababu ni kaka yangu na hajawahi kuniomba kitu. Nilichotakiwa kufanya ni kukuita upimwe siku ileile. Ndiyo kazi yangu. Nimeshawaita wake za watu, waume za watu, nimewafuata mpaka majumbani. Wewe sikukuita.

Dawa zilikuwa bado hazijafika kliniki yetu. Nikampa vitamini na kumwambia asubiri, zitakuja. Zilipofika, ini lake lilikuwa limekwisha. Wewe ulikuwa unamwona anachoka, unaniuliza mimi, "Wifi, kaka yako ana nini?" Nami nikakuambia ni kazi nyingi. Unakumbuka niliposema hivyo? Nilikuwa nakunywa chai kwako.

Siku ya mazishi nilikuona unanitazama kutoka upande wa pili, hukupepesa macho, nikajua umeshajua na unataka kusema. Kwa hiyo nikasimama kwanza. Nikasema wewe ndiye uliyefumba macho. Niliongopa mbele ya jeneza la kaka yangu kwa sababu nilikuogopa. Baadaye nikagundua kumbe ulikuwa unatazama tu, kama mtu yeyote aliyefiwa, na nikashindwa kurudi nyuma.

Haya. Hiyo ndiyo kasoro yangu, imeandikwa kwa mkono wangu na saini yangu iko chini. Ukiipeleka barazani watanifukuza kazi, na watakuwa na haki. Ukiipeleka kwa Baba Mkubwa sitakuwa na pa kuweka uso. Sasa una sababu ya kweli, achana na ile ya kidonge. Ila ukiwa maiti hutaweza kunifanya lolote. Fungua hiyo droo, wifi. Meza, upone, uje unilipize ukiwa na nguvu zako.

Ijumaa napanda basi la kwanza nije kwako. Hata usiponifungulia nitakaa mlangoni.

Bi Dozi, dada wa marehemu


Chumba cha ukaguzi, kiwandani
20 Juni

Wifi,

Sikukufungulia, na ulijua nimo ndani. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo wangu kwenye mlango uleule uliokuwa umeuegemea wewe upande wa nje. Nilikusikia ukilia na kupenga kamasi. Ulipita mchana mzima. Ulipoondoka nikatambaa mpaka kwenye droo nikameza vidonge vinane kwa maji ya bomba, na siku ya pili nikamwambia Taratibu ukweli wote, akanilaza wodini wiki tano. Hakunifokea. Nadhani ameandika mahali kwamba mimi ni kichaa.

Sasa macho ni meupe. Maji ya tumbo yamekauka. Uso umevimba mviringo kama ulivyosema, mashavu yananitangulia mlangoni, na hapa kiwandani wanasema nimependeza, waongo wakubwa. Narudi kazini nusu siku. Leo asubuhi nimekataa marobota mawili, na msimamizi karibu anibusu.

Nina mambo ya kukuambia. La kwanza ni baya na ni langu. Barua ya Baraza ilikuja, ni ya tarehe ishirini na nne Machi. Kidonge kilikuwa halali. Nilijua hivyo nilipokuandikia kuwa wako kimya, na nimeikalia barua hiyo karibu miezi mitatu nikijua kila asubuhi unavaa koti la kijivu kwa sababu yangu. Saini yangu nimeiweka wiki iliyopita na Baraza limeshaipokea, nakala yako iko humu ndani. Sikuombi radhi. Nakujulisha tu.

La pili. Unajua nyembe tunazofumulia nyuzi hapa? Nilikuwa nazichukua hata za nyumbani. Kaka yako akinyolea ndevu, mimi nikikatia kucha kwa wembe uleule, ukiwa bado umelowa. Miaka miwili baada ya wewe kuiona ile karatasi tuliendelea hivyo, wembe mmoja watu wawili, na tukicheka. Neno lako moja lingenifanya niutupe. Labda nilikuwa nimeshaambukizwa zamani, labda ni katika hiyo miaka miwili. Taratibu anasema haiwezekani kujua. Kwa hiyo hutajua, wifi, hata ukiishi miaka mia. Nimefurahi sana kwamba hutajua.

La tatu. Jumapili iliyopita Baba Mkubwa aliwakusanya wote, nami nikasimama nikawasomea barua yako, kuanzia "Wifi" mpaka saini. Wewe hukualikwa, niliomba hivyo. Nilipomaliza, shangazi akaomba irudiwe, akasema masikio yake siku hizi hayamsaidii. Masikio yake yanasikia sindano ikianguka nyumba ya tatu. Alitaka tu tena, na nikamsomea tena. Baadaye akanipa mkono na hakuufuta.

Utadhani basi barua nitaipeleka na barazani. Nilishaitia kwenye bahasha, nikaandika na anwani. Halafu nikaitoa. Wakikufukuza utakwenda kwenu, utakaa chini, utalia mwaka mmoja, na baada ya hapo watu watakuhurumia. Utazeeka vizuri tu. Mimi sikutaki hivyo. Nakutaka kwenye kazi yako, na kwa saini yangu umesharudishwa.

Maana Taratibu amenieleza kwamba ugonjwa huu hautoki, unatulizwa. Steroidi ataipunguza kidogo kidogo na kuniongezea dawa nyingine, na huenda nikazimeza mpaka mwisho wa maisha. Nikiziacha, walinzi wanaamka. Hizi si kama zile za kirusi, zinapatikana hata duka la dawa la hapa getini, hatua mia mbili kutoka meza yangu. Ameniuliza anielekeze huko. Nimemwambia hapana, aniandikie kliniki yenu.

Nitakuja kila mwezi. Nitapanda basi saa tatu nzima, nitasimama kwenye foleni kama watu wengine, na zamu yangu ikifika sitainamisha uso. Utanihesabia vidonge, utaniambia vingapi asubuhi na vingapi jioni, utanitazama hili shavu na haya macho, na nitasubiri mpaka umalize kunitazama ndipo nipokee. Hatutagombana. Sitasema neno. Nikimeza vizuri, daktari anasema naweza kufika uzee kabisa, na mimi nameza vizuri sana siku hizi, siruki hata siku.

Nimeulizia pia wewe utastaafu lini. Umebakiwa na miaka kumi na minne.

Jumatatu nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mama Kasoro